Baraza la Juu, Nyakanazi

Nyakanazi,
9 Juni 2025

Baba mdogo Ildefonce,

Shikamoo. Na Mama mdogo Frida naye shikamoo, na ule mguu wake unaendeleaje? Sisi huku wazima, tatizo vumbi tu. Magari ya Rwanda na Burundi yanapita kutwa nzima. Ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaanua ya udongo. Wageni wa gesti wapo. Juzi vyumba vyote kumi na viwili vilijaa, dereva mmoja akalala kwenye benchi la jikoni, akasema afadhali benchi kuliko usukani.

Simu najua imekuwa mzigo kwako tangu masikio yalipogoma, na kusoma ujumbe kwenye kioo umekataa kata kata kujifunza, basi nimekaa chini na kalamu kama mwanafunzi. Barua hii nampa Juvenali, kondakta wa Hiace ya Ngara. Ataiacha dukani Keza kama siku zote.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti. Anneth anaolewa! Binti yangu, yule yule aliyekuwa anakuibia patasi zako akachimbie mchanga. Kijana anaitwa Elick, fundi umeme wa magari hapa hapa njia panda. Baba yake ni mzee Ndassa, Msukuma aliyetoka Shinyanga na ng'ombe wake akalowea huku Biharamulo. Ana miaka sabini na sita, mrefu, maneno yake machache, lakini akifungua mdomo watu wanaacha kutafuna. Mazungumzo yote yamekwisha salama. Sherehe ya kumuaga binti itafanyika hapa nyumbani kwangu, Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba.

Wakwe watakuja sitini, pamoja na wacheza ngoma wao, na wote nitawapandisha baraza la juu. Si unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akisema? Mgeni wa heshima hapokelewi chini kwenye vumbi la magari. Anapandishwa, anapata upepo, anaiona Nyakanazi yote. Ndiyo maana alikuomba umjengee. Baba mdogo, mimi mpaka leo nikisimama pale juu, tanki la mafuta likipita na nyumba nzima ikatetemeka, mwili unanisisimka. Ni mbao tu na mikono ya mtu, na miaka kumi na miwili linakaa hewani!

Uje wiki moja kabla. Kiti chako kitakuwa cha mbele kabisa, juu kule kule.

Mwanao,
Benedicta

*

Keza,
30 Juni 2025

Mwanangu Benedicta,

Marahaba. Mguu wa mama yako mdogo umepungua uvimbe, sasa anatembea hadi kwa dada yake Bukiriro na kurudi na maneno ya huko kapu zima. Maharage yametoka vizuri mwaka huu. Mbuzi wetu mweusi kazaa mapacha. Mimi nipo, nalala, naamka, naranda vijiti vya majembe.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti. Frida akaja mbio kutoka jikoni akinifanyia ishara nipunguze, eti Keza nzima inajua Anneth anaolewa. Nitajuaje? Nami nikasema ijue tu. Nimefurahi, mwanangu, nimefurahi mpaka nimeacha randa na kwenda kukaa mgombani peke yangu. Mpe mjukuu wangu mkono. Mwambie zile patasi nimemsamehe, isipokuwa ile ya inchi moja.

Sasa kuhusu baraza.

Wasipande zaidi ya watu kumi kwa wakati mmoja. Ngoma isichezwe huko juu kabisa, hata kidogo. Wakwe waandalie chini uani, weka turubai, mwaga maji vumbi litulie. Na kabla hujafanya lolote, panda juu, piga magoti pale ukuta wa nyumba unapokutana na ubao wa kwanza wa sakafu. Jaribu kupitisha kidole. Niandikie kama kinapita.

Usiniulize sana. Fanya hivyo tu.

Baba yako mdogo,
Ildefonce

*

Nyakanazi,
14 Julai 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Tumeshukuru kusikia mguu umepungua. Huku ni salama.

Barua yako imefika. Nimekaa nayo siku nne kabla ya kujibu, maana sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Hasira haijaisha ila siku zinakwenda.

Mwaka juzi padri alikuja na kwaya yake nzima, wakapanda, hukusema kitu. Ubatizo wa mtoto wa jirani watu walipanda, ulikuwepo, umekaa chini unakula ndizi. Leo wanakuja Wasukuma ndiyo baraza limekuwa la watu kumi? Ndiyo wakwe zangu niwakalishe uani karibu na mapipa ya maji machafu, na ngoma yao niikataze? Baba mdogo, sisi watu wa Ngara tuna maneno yetu kuhusu wachungaji waliokuja na ng'ombe, na wewe nimeshakusikia ukiyasema. Nilidhani uzee umekuondolea. Anneth kaniuliza umeandika nini, nimemwambia umesalimia tu.

Mzee Ndassa anakuja mwezi ujao kuona mahali. Nimeshamwambia ni juu. Sitageuza neno langu mbele yake.

Kuhusu kidole, sijapima.

Benedicta

*

Keza,
2 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Leo naanza na salamu za mapacha wa mbuzi, maana wao ndio pekee hapa wasiokuwa na neno nami. Frida ameisoma barua yako pia. Tangu hapo ananihudumia chakula bila kuniangalia.

Ni kweli niliyasema yale maneno, zamani, na midomo yangu ilikuwa michafu. Lakini safari hii umenipiga pasipo kosa. Wangekuwa watu sitini wa Keza, wa ukoo wetu wenyewe, ningeandika hivyo hivyo. Wangekuwa maaskofu sitini, pia.

Ngoja nikueleze kitu ambacho sijawahi kumweleza mtu. Nilipokuwa kijana nikijifunza ufundi, tulijenga jukwaa la kwaya ndani ya kanisa moja, sitalitaja. Fundi mkuu alikuwa mtu makini. Siku ya sikukuu wakapanda waimbaji arobaini. Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Wa tatu ulikuwa wa kuruka, na wakaruka wote pamoja, wakashuka wote pamoja. Nilikuwa nimesimama chini pembeni. Benedicta, halikuvunjika. Mbao hazikukatika hata moja. Jukwaa zima liliachana na ukuta, polepole mwanzoni, na nikawaona waimbaji wakiendelea kuimba huku wanashuka, maana walikuwa hawajajua bado. Midomo yao ilikuwa wazi. Wengine walipona, wengine hawakupona. Nina miaka sitini na nane na nikifumba macho bado naiona ile midomo.

Tangu siku ile nikajifunza kwamba mahali pa kuogopa si katikati ya sakafu, ni pale inaposhikana na nyumba. Nguzo za mbele mtu anaziona, anazisifu, anazipaka rangi. Ule ubao mnene uliolala ukutani, unaobeba ncha za boriti zote, nani huutazama? Na maji ya mvua hupenda kukaa hapo hapo nyuma yake.

Juzi nilichukua mkaa nikapiga hesabu mlangoni kwangu. Watu sitini wa kawaida ni kama magunia thelathini na tisa ya mahindi. Hapo wamesimama tu. Wakiruka na kutua kwa mguu mmoja, kama wanavyocheza wacheza ngoma wazuri, yahesabu mara mbili, na zaidi. Nilitazama ile namba nikaogopa. Nikaifuta na kuipiga upya, ikatoka ile ile. Magunia themanini, mwanangu, hewani, juu ya jiko lako!

Fanya haya, nakuomba. Chukua bisibisi nyembamba. Uchome ule ubao wa ukutani, sehemu ya chini, pale penye giza, kila hatua moja. Mti mzima utakataa. Tingisha ukingo wa mbele kwa mikono miwili, uone kama unacheza. Mwaga ndoo ya maji sakafuni, utazame yanaelekea wapi. Na lala chini jikoni, utazame juu na tochi, uone kama kuna msumari umeanza kutoka. Kisha niandikie ulichokiona, chochote kile.

Baba yako mdogo,
Ildefonce

*

Nyakanazi,
8 Septemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe mbili Agosti nimeipata Ijumaa iliyopita, tarehe tano! Hiace ya Juvenali ilikufa injini, ikavutwa hadi Kahama, na barua ikiwa imelala ndani ya droo yake mwezi mzima. Juvenali ameomba radhi hadi nikamwonea huruma. Kumbe mimi nilikuwa nimekaa hapa najiambia, mzee amesusa.

Anneth hajambo, anashonewa nguo. Elick hajambo. Mimi silali vizuri, utaona kwa nini.

Mzee Ndassa alikuja tarehe ishirini na tatu Agosti na wazee wenzake wanane. Nikawapandisha juu kama nilivyoahidi. Nilikuwa nimepaka rangi upya, ile ya bluu, linang'aa. Wakasifu. Wakakaa, nikaleta soda. Basi ndugu yao mmoja, mnene kidogo, akasimama kuonyesha vile ngoma yao itakavyoingia. Akapiga mguu, mara mbili tu. Baba mdogo, chupa za soda zilitembea mezani. Zilitembea zote kwa pamoja, kuelekea barabarani. Wazee wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini mzee Ndassa hakucheka. Aliishika chupa yake, akaitazama, akairudisha ilipokuwa.

Ndipo Ijumaa nikasoma barua yako. Nikaenda nikapiga magoti. Nikachoma bisibisi ule ubao wa ukutani, pale chini penye giza. Mahali pa kwanza ilikataa. Pa pili ikaingia hadi kwenye mpini, bila nguvu, hadi vidole vyangu vikagusa mbao. Mama wee! Nilibaki nimepiga magoti, bisibisi imesimama yenyewe. Sikuogopa palepale. Kwanza nilishangaa tu, kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri hivi usoni na ndani hakuna kitu. Woga ulikuja baadaye, niliposhuka ngazi.

Sasa na mimi niseme la kwangu, maana uliniuliza kidole nikakujibu kwa kiburi. Kidole kinapita. Tangu mwaka 2019 kinapita. Krismasi ya mwaka huo kijiko kilidondoka juu nikakiokota jikoni, nikajua kuna mwanya. Nikachanganya saruji kidogo, nikaziba, nikapaka rangi. Krismasi iliyofuata mwanya ukawa umerudi, mkubwa kidogo, nikaziba tena. Nimeziba Krismasi sita. Kila mwaka saruji inaongezeka. Sikukwambia. Ningekuambiaje? Ilikuwa kazi ya mwisho uliyomfanyia baba. Niliona nikisema lina kasoro ni kama nimekutukana wewe na kumtukana yeye kaburini. Basi nikawa napaka rangi, kila mwaka, nikiomba Mungu.

Na nilipokuandikia kwamba unawadharau Wasukuma, nusu ya moyo wangu ilijua si hivyo. Hiyo hasira ilinisaidia nisipime. Nisamehe.

Swali langu ni moja, na safari hii usiniambie nisikuulize. Huo ubao umeshikwa na nini ukutani? Zimebaki wiki nne. Nikimwambia mzee Ndassa hawapandi, lazima nijue ninachosema.

Mwanao,
Benedicta

*

Keza,
11 Septemba 2025

Mwanangu Benedicta,

Marahaba. Barua hii naileta kwa pikipiki ya Sindayigaya, jirani yetu, nimemwomba aje nayo moja kwa moja hadi mkononi mwako asimpe mtu. Ikifika tu, funga ngazi. Weka benchi, weka kamba, weka chochote. Asipande hata mtu mmoja, wala wewe, wala kuanika nguo.

Umeshikwa na misumari.

Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nimekwenda kunywa maji, nimerudi. Bado ni misumari.

Baba yako alitaka padri aje kubariki nyumba Jumapili, Machi 2013, na alitaka padri asimame juu kule watu wote wamwone. Niliagiza bolti kumi na nane kutoka Mwanza, ndefu, za kupita ukuta mzima hadi ndani ya vyumba, na nati zake na washa. Hazikufika. Jumamosi mchana kaka yangu akaja, akaniuliza, Ilde, tunafanyaje? Alikuwa amefurahi sana, sikuwa na moyo wa kumwambia aahirishe. Nikatoboa ukuta, nikapachika vigingi vya mti, nikapigilia misumari ya inchi sita. Nikamwambia ni ya muda tu, Jumatano narudi kufunga bolti. Akanipiga begani.

Bolti zilifika Jumatatu. Jumanne kaka yangu akafariki. Jumatano niliyopaswa kufunga bolti nilikuwa namchimbia kaburi. Waombolezaji wakapanda juu wakakaa siku nne, na halikutikisika, nikajiambia linaweza kusubiri. Nikarudi Keza. Kila nikipanga kuja, naona ngazi ile, naona alivyokuwa amesimama pale akinisubiri, najikuta nimeahirisha. Mwaka, miwili. Baadaye ikawa aibu, na aibu ya miaka kumi na miwili ni nzito kuibeba hadi Nyakanazi. Nikija kwenu nilikuwa nakaa chini. Siku ile ya ubatizo, uliyoniona nakula ndizi, sikuwa nakula. Nilikuwa natazama ukutani, nahesabu watu wanaopanda, na mdomo haukufunguka. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Kwamba mimi, niliyeiona ile kwaya, nilikaa kimya na sahani mkononi.

Bolti ninazo. Ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, na kila Pasaka nazitoa, nazipaka mafuta, nazifunga tena kwenye kitambaa. Frida alidhani ni silaha. Sindayigaya anakuletea zote, kumi na nane.

Lakini usimruhusu mtu azifunge kwenye ubao ule. Bolti nzuri kwenye mti uliooza ni bure. Mtafute Frednand, fundi wa hapo kwenu, mtu mwangalifu. Kwanza aweke nguzo za muda chini, mbili mbili, ndipo abomoe. Akijenga upya, bati la kukinga maji liingie kati ya ukuta na ubao, lifunike kichwa cha ubao ili mvua isikae nyuma yake. Nguzo zisizikwe kwenye saruji, zikae juu ya chuma, zipate hewa. Na kila mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, mtu achome bisibisi, akaze nati. Rangi ndiyo iwe ya mwisho.

Mimi sitakuja kwenye sherehe. Atakuja mama yako mdogo. Wakwe wakiuliza fundi ni nani, waambie amekufa.

Ildefonce

*

Nyakanazi,
19 Oktoba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Mama mdogo Frida amefika huko salama? Alipanda Hiace na nyama ya kutosha ukoo mzima, nadhani mmekula. Anneth na Elick wametulia kwao. Binti amenipigia jana kuniuliza namna ya kupika mlenda, nikajua mambo ni mazuri. Mvua imeanza, vumbi limelala.

Najua umekaa unasubiri habari ya baraza na huwezi kumwuliza Mama mdogo, na yeye nimemkataza asikwambie. Nimetaka nikuandikie mwenyewe.

Sindayigaya alifika tarehe kumi na mbili. Nilisoma barua yako nimesimama barabarani. Nikafunga ngazi kwa benchi tatu na kamba. Kisha nikapanda pikipiki hiyo hiyo nikaenda kwa mzee Ndassa, kabla sijapata muda wa kuogopa. Nikamwambia yote, mlangoni kwake. Mwanya, saruji yangu ya Krismasi sita, misumari. Jina lako tu sikulitaja. Nilitegemea atasema nimemdhalilisha. Akaniuliza, "Utabomoa lini?" Nikasema nitamwomba fundi aanze tarehe ishirini na tatu. Akasema atakuja kuona.

Akaja kweli, akaweka kiti uani mbali kidogo, akakaa na fimbo yake.

Frednand aliweka nguzo za muda kama ulivyoelekeza. Akang'oa mbao za sakafu moja moja. Kisha akaanza kugonga saruji yangu kule ukutani. Baba mdogo, sijui niseme vipi. Saruji ilipodondoka, akaushika ule ubao mnene kwa mikono yake, aujaribu tu. Ukaja. Wote! Hakutumia nyundo wala mtaimbo. Ulitoka ukutani ukakaa mikononi mwa mtu, na vumbi la mchwa likamwagika jikoni kama unga kwenye mashine. Misumari tuliikusanya kwenye karai. Ilikuwa thelathini na sita. Iliyokuwa bado na unene wa msumari ni minne. Mingine ukiibana kwa vidole inakatika.

Mpishi alisimama na mwiko wake hewani. Hata mimi niliyejua, sikujua hivyo. Miaka kumi na miwili! Padri, kwaya, waombolezaji wa baba, watoto waliokuwa wakikimbizana pale juu, mimi na ndoo zangu za maji kila asubuhi. Minne ndiyo ilikuwa imetushika sote. Nilikaa chini kwenye matofali, machozi yakatoka, na kati ya machozi nikasikia nacheka. Sielewi kwa nini hatukuanguka, Baba mdogo. Nimewaza kila siku tangu hapo na sielewi.

Sherehe ilifanyika uani, chini ya turubai. Tulimwaga maji vumbi likatulia, kama ulivyosema. Wacheza ngoma walikuwa ishirini na wawili. Walipotua mara ya kwanza, wote kwa mguu mmoja, niliisikia ardhi kifuani. Mama mdogo alinishika mkono akaubana, maana sote wawili tulitazama juu, pale ukutani palipokuwa na matundu matupu. Wakatua tena. Nikawa nahesabu vichwa vyao kimoja kimoja, na Anneth wangu yupo katikati yao, anaruka, kitambaa kimemtoka kichwani.

Mzee Ndassa alikuwa amekaa karibu nami, na yeye anatazama pale pale ukutani. Mara nikamsikia anataja majina. Alianza na mkewe. Akataja wanawe, Elick wa tatu. Akataja wajukuu waliokuja, na dada yake mzee, na yule ndugu mnene wa chupa za soda. Alikuwa anawataja wote ambao wangekuwa juu. Alipofika kama jina la ishirini akaacha, akapangusa uso.

Kisha akanigeukia, na wazee wengine wakasikiliza. Akasema, "Mama Anneth, lile baraza nani alijenga?"

Ulinielekeza niseme fundi amekufa. Sikuweza. Nikasema, "Alijenga baba yangu mdogo, Ildefonce wa Keza. Na ndiye aliyetuambia tushuke."

Akaizungusha fimbo yake mikononi, nikadhani nimeharibu kila kitu. Ngoma ilikuwa inaendelea. Ndipo akasema, "Mpelekee shikamoo yangu."

Nikamwambia, "Mzee, baba mdogo ni mdogo kwako. Ana sitini na nane."

Akasema, "Najua. Mpelekee hivyo hivyo."

Basi nimekuletea. Bolti zako ziko mezani kwangu, na Frednand nimemzuia, hatafunga hata moja hadi uje. Shikamoo ya mzee Ndassa usimjibu kwa barua, Baba mdogo. Anakuja hapa kila Jumatano mnadani. Njoo uitikie mwenyewe.

Mwanao,
Benedicta